Rola za Siku ya Kurudi Kundini

Verediana alikuwa ameamua, na Verediana akiamua jambo, mwenye akili humpisha. Jumapili ile mumewe, Ambrosi, angesimama mbele ya usharika arudishwe kundini, na yeye angesimama ubavuni pake na nywele za mawimbi, zile za rola walizokuwa wakitengeneza wanawake enzi za ujana wake, zikimwagika mpaka mabegani na kutingishika kila akigeuka. Kitambaa hataki. Wigi hataki, usimtajie.

"Nimekaa benchi la nyuma na huyu mwanaume tangu sikukuu ya mavuno," alimwambia binti yake kwenye simu. "Siku ya kutoka nyuma kwenda mbele, mwanangu, lazima wanione."

Kwa Walutheri wa huko Kilolo, mtu akitengwa hafukuzwi kanisani. Anakuja, anaimba, sadaka yake inapokelewa vizuri tu. Ila wenzake wakinyanyuka safu kwa safu kwenda kwenye meza ya Bwana, yeye anabaki amekaa, anatazama mabati. Na kosa la Ambrosi lilijulikana mpaka kwa watoto. Siku ya mnada wa mavuno alifika ameshiba ulanzi, pombe ya mwanzi, akaanza kupandisha bei ya jogoo akishindana na nafsi yake mwenyewe, maana wengine walikuwa wameshanyamaza. Alipompata yule jogoo akamkumbatia, akamkumbatia na Mchungaji, wakaanguka wote watatu kwenye viazi vya sadaka. Usharika mzima ulicheka. Verediana hakucheka. Yeye hakutengwa, lakini utaendaje mbele umwache mumeo nyuma kama kifurushi kilichosahauliwa stendi? Akabaki naye, Jumapili baada ya Jumapili, akitazama mabati hayohayo.

Tangu siku hiyo Ambrosi hakuonja tena. Alibadili hata njia ya kwenda shambani ili asipite kwenye mianzi ya jirani yao Roza, ambako masika yote ulanzi hudondoka usiku na mchana. Wazee wa kanisa walimchunguza wakaridhika. Ilibaki siku yenyewe tu.

Jumamosi mchana binti yao Eveline akafika kutoka Mbeya, amechoka na safari, pua imeziba kwa mafua, mfuko wa rola begani. Kule anafanya kazi saluni, Mwanjelwa, na mama yake alikuwa ameshatangaza kwa kina mama wote wa kwaya kwamba fundi anatoka Mbeya na dawa za kisasa.

"Shikamoo Mama."

"Marahaba. Toa vitu tuone."

Eveline akamwaga rola mezani, kubwa na ndogo, za pinki na za kijani, na vibanio vyake. Akatoa draya. Verediana akaangalia taa, taa haikuwaka. Umeme ulikuwa umekatika tangu asubuhi.

"Hiyo draya irudishe tu kwenye begi," alisema. "Tutakausha kwa jiko la mkaa. Lotion ya kusetia iko wapi?"

Eveline akapekua begi. Akapekua mfuko. Akarudia begi.

"Mama..."

"Usiniambie."

"Nimeiacha Mbeya. Naiona kabisa, iko juu ya kabati."

"Wewe unaiona, mimi siioni! Eva! Kitu kimoja nilichokuagiza!"

"Si nimeleta rola?"

"Rola bila lotion ni vitu vya kuchezea watoto!"

Walitafuta dukani, wakaambiwa kuna mafuta ya mgando na sabuni. Nywele za Verediana ni za dawa, laini, na katika baridi ile yenye ukungu, ukizizungusha na maji matupu, ukitoa rola tu zinalala chini kama mgonjwa. Akakaa kwenye kigoda, mikono kichwani, karibu kulia. Halafu akanyanyua uso.

"Mtogwa," alisema.

"Mtogwa gani?"

"Shangazi yangu alikuwa anaseti na mtogwa. Unapaka, unazungusha rola, ukikauka nywele zinashika, hata upepo hauzitikisi. Ule ni utamu mtupu, unaganda kama lotion."

"Mama, mtogwa si ulanzi?"

"Ulanzi ni ukishachacha. Mtogwa ni maji ya mwanzi tu, matamu. Watoto wananyweshwa."

"Na Baba?"

Hapo Verediana alisita, tuseme haki. Nyumbani mle halikuwa limeingia hata tone tangu mavuno. Lakini akawaza benchi la nyuma, akawaza na kina mama wa kwaya, akachukua chupa ya chai, akajifunga khanga, akatoka.

Roza alikuwa chini ya mianzi yake anakinga. "Kamwene, Mama Eva!"

"Kamwene, jirani. Nipimie mtogwa kidogo. Ule mtamu kabisa, uliotoka sasa hivi."

Roza akatazama chupa ya chai. Akamtazama mwenye chupa. "Kwako? Nyumbani?"

"Kuna kazi nao."

"Kazi gani hiyo?"

Angesema ukweli yangeishia hapo. Lakini angewezaje kusema kwamba zile dawa za kisasa kutoka Mbeya ndiyo hizi hapa, zinachuruzika kwenye mwanzi? "Kazi tu," alijibu. "We pima."

Roza akapima. Hakuuliza tena, na Roza asipouliza ujue ameshajijibu mwenyewe. Verediana hajafika hata kwake, mwenzake alikuwa ameshajifunga shuka la baridi anaelekea kwa Mzee Sosthenes, mzee wa kanisa. Dalili ya mvua ni mawingu, alimwambia, na chupa ya chai imetoka kwangu imejaa.

*

Jioni ile jikoni palikuwa na raha yake. Mkaa umewaka vizuri, mvua inapiga bati, Eveline anapiga chafya, anachovya kitana kwenye bakuli, anachana fungu, anazungusha, anabana.

"Tulia, Mama."

"Unanivuta!"

"Urembo unauma. Si ulikuwa unaniambia hivyo wakati unanisuka?"

Mlango ukasukumwa, Ambrosi akaingia kutoka zizini, maji yanachuruzika kwenye kofia. Verediana akasukuma bakuli chini ya kigoda kwa kisigino, akaliangushia khanga. Ambrosi akasimama palepale mlangoni. Akatazama kichwa cha mkewe, pinki na kijani kote, akavuta hewa.

"Mnapika nini?"

"Urembo," alisema Verediana.

"Utalalaje na hayo madude?"

"Kifudifudi."

Ambrosi akacheka kidogo. Halafu akasema amesahau kufunga zizi, akarudi kwenye mvua, akakaa huko mpaka chakula kikapoa. Verediana akamwambia Eveline kwamba baba yake ana hofu ya kesho, mwache.

Sasa nisikilizeni. Wagema wa kule wanajua jambo ambalo Verediana naye alilijua vizuri sana, ila siku hiyo aliliweka pembeni kwa sababu halikumfaa. Mtogwa haujui kusubiri. Wa jioni unalala mtamu, unaamka mkali. Na huo ni uliokaa kwenye mtungi, penye baridi. Sasa huu ulifungiwa ndani ya rola, ukafunikwa kitambaa cha sufu, ukakalishwa karibu na mkaa, halafu ukalazwa chini ya mablanketi mawili juu ya kichwa chenye joto la mtu mzima. Ulipata malezi mazuri kuliko ulanzi wowote wa wilaya ile.

Asubuhi Verediana alifumbua macho, na kitu cha kwanza kilichomfikia kilikuwa harufu. Chachu kali, iliyoiva. Chumba kizima. Upande wa pili wa kitanda palikuwa patupu.

Ambrosi amekunywa. Leo, katika siku zote, leo! Akanyanyuka, akanusa koti la mumewe, akanusa kikombe cha maji kilichokuwa dirishani. Kila alichonusa kilinuka, na hakujiuliza kwa nini kila kitu kinuke. Akachungulia nje. Ambrosi alikuwa ananyoa ndevu kwenye kipande cha kioo, anaimba besi ya wimbo wa kuingilia, mkono umetulia kabisa.

"Umeamkaje, Mama Eva?"

"Nimeamka."

Angemwambia nini saa hizo, na nguo zimeshapigwa pasi? Akaenda akakaa mbele ya Eveline, uso umekauka, akaacha rola zitolewe. Mafua yalikuwa yamemziba binti vibaya mno, angelala na beberu asijue.

Na mawimbi yakatoka. Jamani! Yalishuka moja baada ya jingine, meusi, yanameta, yamekaza vizuri, yakiguswa yanaruka na kurudi mahali pake. Eveline akampa kioo. Verediana akajitazama, na pamoja na huzuni yote ile akajikuta anacheka, kicheko cha msichana, mkono mdomoni. Eveline akamnyunyizia manukato mpaka nusu chupa. Lakini la kuvunda halina ubani. Manukato yalikaa juu ya ule ulanzi kama mgeni aliyekosa kiti.

Njiani Verediana alitangulia na mwavuli wake, hatua za hasira. Ambrosi alimfuata nyuma, amevaa suti.

"Umependeza," alisema Ambrosi.

"Na wewe unanuka."

"Nanuka nini?"

"Unajua mwenyewe."

Ambrosi akasimama. Akamtazama mkewe usoni, kisha juu, kwenye nywele. Eveline aliyekuwa nyuma akauliza kuna nini, baba yake akamwambia hamna kitu, twende, kengele imeshalia.

*

Walikaa benchi la nyuma kwa mara ya mwisho, au ndivyo walivyotarajia. Kina mama wa kwaya waligeuka mmoja mmoja kutazama zile nywele, na Verediana akajua zimewaingia. Siku nyingine angefurahi mpaka Jumatano. Watu waliokaa benchi lililo mbele yao nao waligeuka, ila hawa walimtazama Ambrosi, wakaminya pua, wakasogea.

Baada ya mahubiri Mchungaji Obeid, kijana mpole mwenye sauti ndogo, akaita. Ambrosi akanyanyuka. Verediana akanyanyuka naye, maana alikuwa ameahidi, wakapita katikati ya watu mpaka mbele. Benchi la wazee wa kanisa lilikuwa hapohapo, na Mzee Sosthenes akiwa mwisho wa benchi, hatua mbili tu kutoka kwao. Harufu ilimfikia kabla yao.

Mzee Sosthenes akakunja uso. Akanyanyuka, akamwendea Mchungaji, akamnong'oneza. Mnong'ono wa mtu mwenye masikio mazito ni tangazo. Safu tatu za mbele zilisikia kila neno. "Jana walichota kwa Roza. Chupa nzima. Na mwenye pua haambiwi nusa."

Mchungaji Obeid akasogea mbele kidogo, akavuta pumzi, uso ukamwanguka. Ilionekana inamuuma.

"Mzee Ambrosi," alisema polepole. "Leo tuache. Rudi ukakae, baba. Tutazungumza baada ya ibada."

Verediana alimtazama mumewe, akasubiri aseme kitu, abishe, aape. Ambrosi hakubisha. Aliinamisha kichwa, akageuka, akaanza kurudi katikati ya watu mikono imening'inia, viatu vyake vipya vinalia kwenye sakafu. Mtu mmoja akaguna. Mwingine akacheka chini chini, akasema neno "jogoo", na wengine wakashindwa kujizuia. Ambrosi akaendelea kutembea.

Verediana alibaki amesimama pale mbele. Ambrosi alifika katikati ya kanisa. Akafika kwenye nguzo. Akafika mlangoni kabisa, benchi la nyuma, akakaa.

Na harufu ilikuwa palepale.

Haikwenda naye. Ilikuwa imebaki mbele, imemzunguka Verediana, inashuka mabegani pamoja na mawimbi. Akavuta fungu moja la nywele mpaka puani. Mama yangu!

Ni mambo mengi hupita kichwani kwa muda mfupi, na mengine si ya kujivunia. La kwanza lililompitia Verediana lilikuwa: hawajajua. Angerudi akakaa, angefunga kitambaa, jioni angeosha, na Ambrosi angesamehewa Pasaka. Angeelewa. Siku zote anaelewa. Kina mama wa kwaya walikuwa wanamtazama kwa huruma, na huruma yao ilikuwa bado ina wivu wa zile nywele ndani yake. Kwaya ikaanza wimbo ili kupitisha aibu.

"Subirini!" alisema Verediana. "Nyamazeni kwanza!"

Kwaya ikakatika katikati ya neno.

"Mchungaji, naomba uninuse kichwa."

"Mama?"

"Ninuse kichwa, Mchungaji! Si Ambrosi. Ni mimi!" Na kwa kuwa Mchungaji alikuwa ameduwaa, Verediana akainama kama mtu anayebatizwa, akampelekea utosi mpaka chini ya kidevu. Mchungaji Obeid akanusa, akarudi nyuma, machozi yakamtoka.

"Niliseti nywele kwa mtogwa," alisema Verediana, sasa kwa kanisa zima. "Dawa ya kisasa ilisahaulika Mbeya. Hakuna dawa ya kisasa, kina mama, niliwadanganya. Nilichota kwa Roza, nikazungushia rola, umechachia kichwani usiku kucha. Mume wangu hajaonja. Na mimi mwenyewe..." Hapo akamtazama Ambrosi kule nyuma. "Mimi mwenyewe asubuhi nimenusa koti lake."

Mzee Sosthenes hakuwa mtu wa kuachia jambo kirahisi. Akasogea, akaomba radhi, akanusa mwenyewe. Akafumba macho.

"Kweli," alisema. "Huu ni wa jana, wa alasiri. Wa kule bondeni, kwenye mianzi ya zamani. Umeshika vizuri." Akafumbua macho, akakuta kanisa zima linamtazama, na Mchungaji anamtazama, na mke wake anamtazama kuliko wote. "Nasikia watu wakisema," aliongeza.

Kanisa lilipasuka. Walicheka wazee, zikacheka kwaya zote mbili, Roza akacheka mpaka akajifunika khanga, nusu kicheko nusu aibu. Verediana naye akacheka huku machozi yanamtoka, nywele zinatingishika. Mchungaji Obeid akangoja wanyamaze. Hakumwita Ambrosi tena. Alishuka mwenyewe, kanzu yote, akapita katikati ya watu mpaka benchi la nyuma, akampigia magoti mzee yule akamwomba msamaha, akamshika mkono, wakaja wote mbele.

*

Nyumbani Eveline alikuwa jikoni, bado anacheka peke yake. Ambrosi alikaa sebuleni, amevua koti. Verediana akakaa mbali naye kidogo, upande wa dirishani.

"Nilikushuku, Baba Eva."

"Najua."

"Nimekosa. Nimekosa sana."

"Yamekwisha."

"Lakini kwa nini hukubisha? Mtu anakuambia rudi ukakae, unarudi tu!"

Ambrosi akatazama mikono yake. "Nilijua ni nywele zako."

"Ulijua lini?"

"Jana. Niliposukuma mlango wa jikoni. Bado ulikuwa mtamu, lakini mtu kama mimi..." Akatikisa kichwa. "Ule ninausikia hata ukiwa mlima wa pili."

Verediana akakumbuka zizi lililosahauliwa kufungwa, na mvua, na chakula kilichopoa. Akakumbuka upande wa kitanda uliokuwa mtupu asubuhi. Alikuwa amelala usingizi mnono, kifudifudi, na huyu mtu alikuwa ameweka shavu lake karibu na kile kitu alichokuwa akizunguka mashamba ya watu ili asikipitie.

"Na hukuniambia!"

"Ningekuambiaje? Asubuhi nilikuona dirishani umeshika kioo unacheka. Tangu nikuaibishe sijakuona ukicheka vile. Nikasema, wacha wanicheke mimi. Mimi nimezoea."

Verediana alitaka kumwendea amkumbatie, akanyanyuka, na Ambrosi akainua mkono kumzuia, taratibu.

"Umependeza, Mama Eva. Sijui nisemeje. Lakini usinisogelee. Nimeshindana nazo tangu jana, nimechoka."

Verediana alitoka mbio jikoni. "Eva! Maji ya moto! Na sabuni!"

"Mama, jamani! Hata picha hatujapiga!"

"Nimesema maji!"

Akainamia beseni, Eveline akamimina, huku analalamika, na mawimbi yakafunguka moja moja yakawa nywele za kawaida zilizolowa. Walisugua mara ya kwanza, wakasugua ya pili. Verediana akamwambia binti yake amwage maji mbali kabisa, nyuma ya choo, na chupa ya chai nayo ioshwe. Ambrosi alikuwa amesimama nje, kwenye upenu, amewapa mgongo, anatazama mvua ikinyesha kwenye mahindi.

"Tayari?" aliuliza bila kugeuka.

Verediana akanusa mikono yake. Akanusa ncha za nywele. Akamwita Eveline anuse, akakumbuka mafua yake, akanusa tena mwenyewe.

"Tayari."

"Nije?"

"Njoo, Baba Eva."